Mahali pa Mama Mkwe Sokoni

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, na mara nyingi nimejitia hamnazo. Lakini hii nitaisema kama ilivyokuwa, kwa sababu nusura nimkoseshe binti wa watu kitu alichokuwa akikingoja kwa miaka sita: mama mkwe wake amtambue kuwa ni mke wa mwanawe. Niliyafanya hayo jikoni kwangu, mtaa wa Molenbeek, asubuhi kweupe, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na nikijiona mtu mwema.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Brussels nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba moja ya wazee kule Uccle, penye miti mingi na mbwa wanaovalishwa makoti. Binti huyo ni mtu wa Manipur, jimbo la pembeni kabisa mwa India, kule mpakani na Burma. Siku alipoanza kazi kwetu nilimuuliza anatoka China sehemu gani. Akacheka, akaniambia mimi ni mtu wa tatu tangu asubuhi. Jioni tukapanda tramu moja, tukashuka kituo kimoja, tukatembea kando ya mfereji tukitazamana kwa wasiwasi, mpaka tukafika mlango mmoja. Kumbe yeye na mumewe ndio waliohamia ghorofa ya juu yangu, na zile hatua nilizokuwa nikizilalamikia kila asubuhi ni zake.

Aliniita maman tangu siku ya pili. Kwao pia mwanamke aliyekuzidi umri humwiti jina, unamwita Ima, yaani mama, hata kama humjui. Basi hilo halikutusumbua. Tulizungumza Kifaransa, changu cha shule ya masista na chake cha kozi za jioni, na tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na baadhi ya watu wa kanisani kwangu. Mumewe anafanya kazi za kompyuta katika mojawapo ya yale maghorofa ya vioo karibu na stesheni ya Gare du Nord. Kijana mpole, mrefu, anayesalimia kwa kuinamisha kichwa.

Wakati wa mapumziko kazini alikuwa akinihadithia habari za Imphal, mji wao. Kule kuna soko kubwa la akina mama watupu. Mwanamume anaweza kununua humo, anaweza kubeba mzigo, lakini kukaa na kuuza hapana. Na si kila mwanamke anayekaa. Sharti awe ameolewa, na mahali pake arithi kwa mama au kwa mama mkwe, ambaye naye alirithi. Nyumbani kila mmoja ana kitanda chake cha kufumia nguo. Na fujo ikiingia mtaani, ni wao hao akina mama wanaotoka na mienge, wanakaa njiani pamoja, na walevi wanawaogopa kuliko polisi.

"Na wanaume wenu wanafanya nini?" nilimuuliza.

"Wanatuambia sisi ni wanawake hodari sana," akasema. "Kisha wanangoja chakula."

Tulicheka mpaka msimamizi akachungulia. Lakini mimi nilikuwa nikizisikiliza hadithi zile za soko kwa sikio moja, na sababu yake ninaijua. Mama yangu aliuza sokoni. Aliuza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, chini, juu ya turubai, miaka yote niliyokuwa shuleni. Hapa Brussels mtu akiniuliza mama yangu alifanya kazi gani, nilikuwa nasema alikuwa commerçante, mfanyabiashara, halafu namwacha afikirie duka lenye kioo na mlango. Hata huyu binti nilimwambia hivyohivyo. Yeye alikuwa akilisifu soko la kwao, nami nilikuwa nikitikisa kichwa na kuwaza: wewe hujui tope.

Ikaja siku moja ya Jumatano, sisi wote wawili hatukuwa na kazi. Nikamsikia anashuka ngazi mbio, pekupeku. Akaingia kwangu bila kubisha, simu mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Akasema mama mkwe wake amemtumia ujumbe wa sauti. Akaniwekea nisikilize. Neno hata moja sikulielewa, ila nilisikia sauti kavu ya mwanamke mzee, na nyuma yake ile kelele ya soko ambayo naijua hata usingizini.

Akanifasiria. Goti la mama mkwe, anayeuza nguo katika soko lilelile, limechoka. Mvua zikiisha, viongozi wa soko wataandika upya orodha, na kila mwenye mahali atamtaja atakayemrithi. Yeye hana binti, ana mwana mmoja tu, huyu wa Brussels. Kwa hiyo anauliza aandike jina la mke wa mwanawe au asiandike, na kama ataandika, je, yuko tayari kwenda kukaa.

"Ungekuwa wewe, maman, ungejibu nini?"

Bon. Mtu mwenye akili angemuuliza, wewe mwenyewe unataka kujibu nini? Mimi nilikuwa nimeyaona machozi, nikajua, yaani nikajiambia ninajua, kwamba haya ni machozi ya uchungu. Binti ana diploma, ana karatasi za Ulaya, ana kazi yenye bima, halafu kikongwe mmoja huko anataka kumvuta akakae chini auze nguo mpaka magoti yake naye yafe. Hasira ikanipanda. Nikaweka kikombe mezani.

Nikamwambia asithubutu. Nikamwambia sokoni hakai mtu mwenye mahali pengine pa kukaa. Nikamwambia mama mkwe hatafuti mrithi, anatafuta mtu wa kumwachia goti. Nilisema mengi, na yote niliyasema kwa sauti ya mtu anayejua, bila kumwambia nimeyajulia wapi. Yeye alisimama pale karibu na friji ananisikiliza. Machozi yakakauka. Nikaona, vizuri, ameelewa. Kumbe alikuwa ameona haya. Alikuwa ameshuka mbio kumletea mama habari njema kuliko zote, na mama akamwambia habari hiyo inanuka.

Akasema labda amjibu kesho. Nikamwambia jambo la namna hii halilazwi, likilala linaota mizizi. Akarekodi palepale, mbele yangu, maneno machache ya kwao, taratibu. Nikamwambia akaze sauti asionekane anaomba. Akakaza. Akatuma. Nikammiminia chai, nikamtilia sukari mwenyewe.

Hakikuja kitu. Siku tatu, juma, juma la pili, yule mzee hakujibu. Binti alikuwa mtu wa kuimba akitandika vitanda, akaacha kuimba. Mmoja wa wazee wetu, bibi wa Kibelgiji asiyekumbuka hata watoto wake, aliniuliza kwa nini redio imezimwa. Nilimwuliza binti kama anaumwa. Akasema hapana, maman. Nikaudhika kidogo, nasema kweli. Nilikuwa nimemtendea wema na sikupata hata ahsante.

Jumapili ya pili nimerudi kutoka kanisani, bado nimevaa viatu vya kanisa, mumewe akabisha. Alikuwa peke yake. Nilimkaribisha akakaa kwenye ukingo wa kiti, mikono katikati ya magoti, anatazama zulia. Kisha akasema, "Maman, nimekuja kuomba msaada. Sikuja kulaumu."

Mtu akianza hivyo, ujue una la kulaumiwa.

Akanieleza jambo ambalo mkewe hakunieleza kamwe, kwa sababu ya haya. Wao wawili walitoroka. Kwao si jambo geni: vijana wakipendana na wazazi wakasitasita, wanakimbilia kwa ndugu, na baadaye wazee wa mume wanakwenda kwa wazee wa mke na matunda na heshima zote, wanawapokea wale vijana, watu wanakula, yamekwisha. Kwa hawa wawili hayakuisha. Mama yake huyu kijana alikuwa amemchagulia binti mwingine, binti wa mwenzake wa sokoni, na alikuwa ameshatoa neno lake mbele ya wenzake wote. Akakataa kwenda kuwapokea. Wakafunga ndoa ya serikali, wakapata karatasi, wakaja Ubelgiji. Mama akasema karatasi hajui kuzisoma. Kwa miaka sita alikuwa akimpigia mwanawe simu kumuuliza amekula nini, na hata siku moja hakuuliza aliyempikia.

"Sasa fikiria, maman," akasema. "Jina la mwanamke asiyeolewa haliandikwi pale. Ili mama yangu aliandike jina la mke wangu, ilibidi asimame mbele ya wanawake walewale aliowapa neno lake, aseme huyu ni mke wa mwanangu. Alikuwa tayari kusimama. Mke wangu alipousikia ule ujumbe alilia kwa furaha. Akashuka kwako kwa sababu mama yake mzazi alishakufa, na hapa wewe ndiye mama yake."

Nilihisi uso unaniwaka. Nikamuuliza kwa nini yeye, mwana, hajampigia mama yake akamweleza. Akanitazama kama nimemwambia avae sketi. Mambo ya soko ni ya wanawake, akasema. Akifungua mdomo kuhusu mahali pale, mama yake atamcheka, na wenzake watacheka zaidi. Anatakiwa mwanamke mkubwa wa upande wa mkewe.

Usingizi sikuupata vizuri, na nilistahili. Hata kwetu, mtoto akikosa, mkubwa wake ndiye anayekwenda kuomba radhi. Na hapa mkubwa ndiye aliyekosa.

Kesho yake tulikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi ilikuwa yetu. Nilijifunga kitenge kizuri, nikapanda juu. Huko Imphal ilikuwa mchana, mama mkwe yuko sokoni. Nilimwambia binti afasiri nitakayosema kama nitakavyoyasema, asipunguze makali na asiongeze sukari. Alikuwa amekaa wima. Akapiga simu ya video.

Mama mkwe alipokea. Nilimwona kwa mara ya kwanza: uso mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa nyuma, alama ya udongo ya dini yao kwenye paji la uso mpaka puani, na nyuma yake nguo zimepangwa, zile nguo zao za kujifunga zenye mistari, zinafika juu. Alimtazama mke wa mwanawe. Akanitazama mimi. Akauliza huyu ni nani.

"Mwambie mimi ndiye niliyemwambia akatae," nikasema.

Binti akafasiri. Mzee akasogeza simu karibu, mpaka tukabaki tunaona jicho moja na nusu ya pua. Kwa nini, akauliza.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ningesema habari za diploma na bima na umbali. Yote yakanipotea mbele ya lile jicho. Nikasema kwa sababu mama yangu aliuza sokoni, na mimi sikupapenda.

Binti hakufasiri. Aligeuka akanitazama, maana kwake mama yangu alikuwa na duka. Nikamwambia afasiri tu, tutazungumza baadaye. Akafasiri.

Mzee akauliza mama yangu alikuwa akiuza nini. Nikasema samaki wadogo wa ziwani. Akageuza kichwa, akawaambia jambo wanawake wa pembeni, nikasikia wanaitikia. Nyuso mbili tatu zikajisogeza kwenye simu kuniangalia, mmoja anatafuna. Akauliza, samaki hao walikulisha? Nikasema walinilisha na walinisomesha. Akauliza, mahali pake kakaa nani sasa? Nikasema sijui. Hakuniuliza tena lolote, na nilimshukuru kwa hilo. Nikamwambia mtoto wake hakukosa, aliyekosa ni mimi, nilimsemea maneno yangu kwa mdomo wake, na ninaomba radhi kama mama mbele ya mama.

Akasema mimi nimesikika. Sasa nitoke kwenye simu, anataka kuuona uso wa huyo mwingine.

Nikasogea. Mzee akaanza kusema, bila haraka, anapumzika kila baada ya maneno machache, na safari hii binti hakunifasiria. Alikuwa akiitika tu. Kisha akajifunika uso kwa mkono mmoja, mabega yanatikisika, mkono mwingine bado umeshika simu ili asipotee yule mzee. Mimi nilikaa pale nimefunga mdomo. Sikusema ni machozi ya nini. Nilingoja aniambie mwenyewe, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Simu ilipokatika, akaniambia. Mama mkwe alisema kuuza hakumpi shida. Hata akiwa hawezi kutembea, wa kulia na wa kushoto watamuuzia mpaka siku atakayokufa, kwa sababu yeye pia aliwauzia walipozaa na walipofiwa. Hahitaji mtu wa kuuza. Alisema, "Njoo ukae siku moja tu. Nataka wenzangu wakuone mahali pangu nikiwa bado mzima wa kuwaambia wewe ni nani. Ukitaka kurudi kwenu baada ya hapo, rudi, na mahali patakungoja." Alimwita kwa lile neno lao la mke wa mwana. Alilitaja mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu, ili wa pembeni wasikie.

Mumewe, ambaye muda wote huo alikuwa amejificha chumbani na mlango wazi kidogo, akatoka akaanza kutafuta tiketi kwenye kompyuta, anapangusa pua kwa mkono wa shati. Wakapata ya mwezi uliofuata. Nikaenda mwenyewe kwa msimamizi wetu Uccle kumsemea apewe likizo, nikachukua zamu zake nne, na hapo mdomo wangu ukafanya kazi yake inavyotakiwa.

Siku mbili kabla hajasafiri, alishuka kwangu jioni na mashaka mapya. Baba yake alikuwa karani, yeye mwenyewe alisoma biashara kwenye vitabu, na maishani mwake hajawahi kuuza hata kitambaa. Wanawake wote wa soko watakuwa wanamtazama. Mteja akipita, unamwitaje? Unasema nini ili asione unamsumbua, na wewe usione haya?

Nilimwambia hakuna shida, ni jambo dogo. Nikasimama katikati ya jikoni, nikafuta mikono. Mara ya kwanza sauti ilitoka ndogo, ya mtu wa ofisini. Binti akangoja. Nikavuta pumzi, nikaita kama kule kwetu: "Mama, usipite! Sambaza ya leo, mama, usipite!" Ilitoka kubwa, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama yangu, na ule mkwaruzo wake, na namna alivyokuwa akiivuta mwishoni kama mtu anayekushika mkono. Jirani Mmoroko wa ng'ambo ya ua akafungua dirisha.

Binti akairudia. Akakosea, akacheka, akairudia tena, mpaka akaipata vizuri kabisa, neno kwa neno, Kiswahili cha Bukavu atakachokwenda kuuzia nguo Imphal. Kisha akauliza maneno hayo yana maana gani.

Nikamweleza. Nikamwambia pia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote mjini hapa, kwamba nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilipita pale sokoni na wenzangu wa shule, tumevaa sare safi za masista, na mama yangu akaniona. Hakuniita mwanangu, asije akaniaibisha. Akaniita kama anavyowaita wateja, kwa utani, huku anatabasamu. Mama, usipite. Nami nikapita.